Jinsi ya kukadiria nguvu za kimbunga kwa vipimo vya mgandamizo wa hewa na upepo: mwongozo kamili

Tarehe 24 Agosti 1992 kimbunga Andrew kiliingia nchi kavu kusini mwa Miami, katika jimbo la Florida, huku mgandamizo wa hewa katikati yake ukiwa hektopaskali 922 (hektopaskali ni kizio cha mgandamizo, na kwa kawaida namba ikiwa chini zaidi kimbunga huwa na nguvu zaidi). Miaka 13 baadaye, tarehe 29 Agosti 2005, kimbunga Katrina kiliingia Louisiana karibu na mji wa Buras kikiwa na hektopaskali 920. Mtu anayetazama namba hizo mbili peke yake atasema kwamba vimbunga hivyo vililingana nguvu. Hata hivyo, upepo wa Andrew ulikuwa na kasi ya takriban kilomita 270 kwa saa, yaani Daraja la 5, la juu kabisa katika kipimo kitakachoelezwa hatua ya 7, ilhali upepo wa Katrina ulikuwa wa kilomita 205 kwa saa, yaani Daraja la 3. Ajabu zaidi ni kwamba Katrina, chenye upepo hafifu zaidi, ndicho kilichoinua bahari juu zaidi: zaidi ya mita 8 katika pwani ya Mississippi, ikilinganishwa na takriban mita 5 za Andrew.

Mwongozo huu unaeleza, hatua kwa hatua, namna ya kusoma vipimo hivyo viwili ili msomaji afahamu ni kwa nini hali hiyo ilitokea, na aweze kukadiria mwenyewe nguvu za kimbunga anachokifuatilia kupitia taarifa za vituo vya hali ya hewa. Msimamo wangu tangu mwanzo ni huu: mgandamizo na upepo visisomwe kama majina mawili ya kitu kimoja. Vinapotofautiana, tofauti hiyo ndiyo yenye habari kubwa kuliko namba zenyewe.

Hatua ya 1: Fahamu una namba ya aina gani

Kabla ya hesabu yoyote, hakikisha unajua vipimo vimeandikwa kwa kizio gani. Hektopaskali 1 ni sawa kabisa na milibari 1. Taarifa nyingi za Marekani kwa umma huandika mgandamizo kwa inchi za zebaki, na inchi 1 ni takriban hektopaskali 33.86, hivyo inchi 29.92 ndizo hektopaskali 1013, ambao ndio wastani wa kawaida katika usawa wa bahari. Kwa upande wa upepo, noti 1 ni kilomita 1.852 kwa saa, na mita 1 kwa sekunde ni kilomita 3.6 kwa saa.

Baada ya kizio, uliza swali muhimu zaidi: je, namba hii imepimwa au imekadiriwa? Mgandamizo wa katikati ya kimbunga mara nyingi hupimwa moja kwa moja pale ndege za utafiti zinapopita ndani ya jicho, yaani sehemu tulivu iliyo katikati ya kimbunga, kama zile za Kikosi cha 53 cha jeshi la anga la Marekani kilichoko Keesler, Mississippi. Upepo wa juu kabisa, kinyume chake, huvuma katika kipande chembamba cha ukuta wa jicho, yaani pete ya mawingu inayolizunguka jicho, na ni nadra chombo chochote kuwa mahali hapo hasa kwa wakati unaotakiwa. Kwa hiyo kasi ya upepo unayoisoma katika taarifa ni hukumu ya mtaalamu iliyojengwa juu ya vipimo vya sehemu. Andrew na Katrina ni ushahidi wa hilo. Andrew kilitangazwa kuwa cha Daraja la 4, kisha kikapandishwa hadi Daraja la 5 mwaka 2002, miaka 10 baada ya tukio. Katrina kilitangazwa kuwa cha Daraja la 4 kilipoingia Louisiana, kisha kikashushwa hadi Daraja la 3 uchambuzi ulipokamilika. Katika muda huo wote mgandamizo wa vimbunga hivyo haukubadilishwa, au ulisogezwa kwa hektopaskali chache tu.

Hatua ya 2: Safisha kipimo cha mgandamizo

Ikiwa unatumia barometa yako mwenyewe, au kihisio kilichomo ndani ya simu, kuna marekebisho matatu ambayo hayaepukiki.

La kwanza ni mwinuko. Karibu na usawa wa bahari mgandamizo hupungua kwa takriban hektopaskali 1 kwa kila mita 8 unazopanda. Nyumba iliyo kwenye kilima cha mita 50 itaonyesha namba iliyo chini kwa hektopaskali 6 hivi, na lazima uziongeze kabla ya kulinganisha na taarifa za kituo. Mkazi wa Nairobi anayefungua programu ya barometa kwenye simu yake ataona namba iliyo karibu na 830, ambayo ni ndogo kuliko ya kimbunga chochote kilichowahi kupimwa duniani, na hakuna haja ya kushtuka: ni urefu wa mji tu. Njia rahisi ya kupata marekebisho sahihi ni kulinganisha chombo chako, siku ambayo hewa imetulia, na mgandamizo uliorekebishwa hadi usawa wa bahari unaotangazwa na kiwanja cha ndege kilicho karibu, kisha kuandika tofauti hiyo na kuitumia siku zote.

La pili ni mapigo ya kila siku. Katika nchi za tropiki mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku bila dhoruba yoyote. Huwa juu mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, na huwa chini mnamo saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri, kwa tofauti ya takriban hektopaskali 3. Mtu anayeona barometa imeshuka kwa hektopaskali 3 kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri bado hajaona chochote. Linganisha saa kumi ya leo na saa kumi ya jana, na hapo ukiona upungufu wa hektopaskali 3 una sababu ya kufuatilia.

La tatu ni mahali ulipo. Barometa hupima hewa iliyo juu yako wewe, haipimi kitovu cha kimbunga. Namba inaposhuka, yawezekana kimbunga kinapata nguvu, na yawezekana vilevile kwamba nguvu zake hazijabadilika ila kinakusogelea, na chombo kimoja hakiwezi kutofautisha hali hizo mbili. Ndiyo maana kipimo cha nyumbani hakina budi kusomwa pamoja na taarifa ya mahali kilipo kitovu. Hata ndege zina tatizo hili kwa kiwango kidogo: kifaa chenye mwavuli kinachoangushwa ndani ya jicho kikigusa bahari mahali ambapo bado kuna upepo, ni wazi kwamba hakikugonga katikati hasa, na wataalamu hupunguza hektopaskali 1 kwa kila noti 10 za upepo. Kifaa kikionyesha hektopaskali 915 pamoja na upepo wa noti 30, mgandamizo wa katikati huandikwa 912.

Jambo moja jema kuhusu barometa ni kwamba haihitaji kuwekwa nje. Mgandamizo ndani ya nyumba ya kawaida ni sawa na wa nje, kwa hiyo unaweza kuusoma ukiwa salama, jambo ambalo halifanyiki kwa upepo.

Hatua ya 3: Tafuta tofauti, si namba tupu

Hewa husukumwa na tofauti ya mgandamizo kati ya mahali na mahali. Kwa sababu hiyo hektopaskali 950 hazina maana kamili mpaka ujue hewa inayokizunguka kimbunga ina mgandamizo gani. Soma kwenye ramani ya hali ya hewa mgandamizo wa mstari wa mwisho uliofunga duara kukizunguka kimbunga, kisha utoe mgandamizo wa katikati. Katika Atlantiki mazingira huwa mara nyingi kati ya 1010 na 1015, na magharibi ya Pasifiki huweza kuwa chini zaidi.

Mfano mzuri ni wa vimbunga viwili vinavyoshikilia namba za chini kabisa. Tip, katika Pasifiki ya magharibi mwezi Oktoba 1979, kilishuka hadi hektopaskali 870, na hiyo ndiyo rekodi ya dunia katika usawa wa bahari. Patricia, karibu na Mexico mwezi Oktoba 2015, kilifika 872. Hata hivyo upepo wa Patricia ulikadiriwa kuwa kilomita 345 kwa saa na wa Tip kilomita 305. Tip kilikuwa kikubwa mno, upepo wa dhoruba ukienea katika kipenyo cha zaidi ya kilomita 2,000, na Patricia kilikuwa kidogo, hivyo tofauti yake ya mgandamizo ilibanwa katika umbali mfupi.

Hatua ya 4: Pata makadirio ya kwanza ya upepo

Wataalamu wametunga fomula nyingi za kugeuza mgandamizo kuwa upepo. Inayojulikana sana ni ile ya Atkinson na Holliday ya mwaka 1977, iliyotokana na vimbunga vya Pasifiki ya magharibi: toa mgandamizo wa katikati kutoka 1010, pandisha jibu kwa kipeo cha 0.644, kisha zidisha kwa 6.7, na utapata upepo wa wastani wa dakika moja kwa noti. Kikokotoo cha simu kinatosha. Kwa fomula hiyo, hektopaskali 990 hutoa takriban kilomita 85 kwa saa, 970 hutoa 133, 950 hutoa 173, 930 hutoa 209, na 910 hutoa 241. Angalia kwamba kila hektopaskali 20 zinazoongezeka kwenye upungufu huleta nyongeza ndogo zaidi ya upepo kuliko zile zilizotangulia: kutoka 990 hadi 970 ni karibu kilomita 50, na kutoka 930 hadi 910 ni kilomita 32 tu.

Ukiweka namba za Andrew katika fomula hii unapata takriban noti 120, na za Katrina unapata noti 121 au 122, ilhali upepo uliothibitishwa ulikuwa noti 145 kwa Andrew na 110 kwa Katrina. Fomula haijaharibika. Inatoa wastani wa vimbunga vingi, na kazi yake hapa ni kuwa mstari wa kupimia: inakuambia kimbunga cha kawaida chenye mgandamizo huu kingekuwa na upepo kiasi gani, ili uone hiki chako kimekaa upande upi wa mstari.

Hatua ya 5: Safisha kipimo cha upepo

Upepo una udanganyifu mwingi kuliko mgandamizo. Kasi rasmi ni ya upepo uliopimwa mita 10 juu ya ardhi iliyo wazi au bahari, na ni wastani wa muda fulani, si pigo moja la ghafla. Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani hutumia wastani wa dakika moja. Dharuba za sekunde chache huzidi wastani huo kwa asilimia 20 hadi 30 juu ya bahari, na zaidi ya hapo juu ya ardhi yenye miti na majengo. Kwa hiyo habari ikisema “upepo ulifikia kilomita 150 kwa saa mjini”, hakikisha kama ni dharuba, maana wastani wake unaweza kuwa chini hata ya kiwango cha kimbunga. Pigo la upepo lenye kasi kubwa kuliko yote yaliyothibitishwa nje ya kimbunga cha aina ya tonado, kilomita 408 kwa saa, lilipimwa katika kisiwa cha Barrow, Australia, tarehe 10 Aprili 1996 wakati wa kimbunga Olivia, na hakuna anayekihesabu Olivia miongoni mwa vimbunga vikali zaidi duniani.

Kipimo cha ndege nacho hurekebishwa. Ndege inayoruka mahali penye hektopaskali 700, yaani takriban mita 3,000 juu, hukutana na upepo mkali kuliko ule wa usoni mwa bahari, na kanuni ya kawaida katika ukuta wa jicho ni kuchukua asilimia 90. Noti 140 angani huwa noti 126 chini, ambazo ni kilomita 233 kwa saa.

Kuhusu vipimaupepo vya ardhini, usiamini kwamba namba kubwa kabisa iliyorekodiwa ndiyo iliyokuwa kubwa kabisa iliyovuma. Vingi huvunjika au hukatikiwa umeme kabla ya ukuta wa jicho kufika, na vilivyosalia huwa vimekingwa na majengo. Kipimo cha ardhini huthibitisha kwamba upepo haukuwa chini ya kiwango fulani, na hakithibitishi kwamba haukuzidi.

Hatua ya 6: Weka vipimo vyote viwili pamoja na usome tofauti

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Chukua upepo uliotangazwa na upepo uliopata kwa fomula. Vikikaribiana ndani ya noti 10, una kimbunga cha kawaida na vipimo vinavyoaminika. Visipokaribiana, pitia sababu zifuatazo.

Upepo ukizidi makadirio ya fomula, fikiria kwanza kwamba kimbunga ni kidogo. Shimo la mgandamizo lenye kina kilekile, likibanwa katika umbali mfupi, huwa na kingo zenye mwinuko mkali, na mwinuko huo ndio unaoendesha upepo. Andrew kilikuwa hivyo, na juu ya hapo kulikuwa na mgandamizo wa juu kaskazini yake uliozidisha tofauti. Sababu nyingine ni kuwa karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hupindisha hewa kwa nguvu ndogo, na hivyo tofauti ileile ya mgandamizo huendesha upepo mkali zaidi. Kasi ya kimbunga chenyewe kusafiri huchangia pia: huongezwa kwenye upepo wa upande mmoja, ambao ni wa kulia katika nusu ya kaskazini ya dunia na wa kushoto katika nusu ya kusini.

Upepo ukipungukiwa na makadirio, picha hugeuka. Mara nyingi kimbunga ni kikubwa, au kimezeeka, au ukuta wake wa jicho umevunjika na mwingine mpana zaidi unajengwa nje yake. Katrina, siku moja kabla ya kuingia Louisiana, kilikuwa na hektopaskali 902 na upepo wa takriban kilomita 280 kwa saa. Ukuta wa ndani ulipodhoofika, upepo wa juu ulishuka haraka, lakini mgandamizo ulipanda polepole, na upepo wenye nguvu za kimbunga ukabaki umeenea zaidi ya kilomita 100 kutoka katikati. Maji yaliyokwisha kusukumwa na Daraja la 5 hayakurudi nyuma kwa sababu daraja limeshushwa. Sandy, mwezi Oktoba 2012, kilionyesha hali hiyo waziwazi zaidi: kiliingia New Jersey kikiwa na hektopaskali 945 na upepo wa kilomita 130 kwa saa tu, ambapo fomula ingetabiri zaidi ya 180. Aliyetazama upepo peke yake alikiona kimbunga hafifu, na aliyetazama pengo kati ya namba hizo mbili aliona dhoruba pana mno inayosukuma bahari kuelekea New York.

Kanuni ninayoipendekeza ni kwamba upepo unaozidi mgandamizo uogopwe kwa mapaa na miti, na upungufu wa mgandamizo unaozidi upepo uogopwe kwa maji ya bahari.

Hatua ya 7: Taja daraja, ukijua mipaka yake

Kipimo cha Saffir-Simpson kilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na mhandisi Herbert Saffir pamoja na Robert Simpson, aliyekuwa mkuu wa Kituo cha Taifa cha Vimbunga. Kwa upepo wa wastani wa dakika moja, Daraja la 1 huanzia kilomita 119 kwa saa, la 2 huanzia 154, la 3 huanzia 178, la 4 huanzia 209, na la 5 huanzia 252. Zamani jedwali lilikuwa na safu za mgandamizo na kimo cha bahari pia. Safu hizo ziliondolewa mwaka 2010, kwa kuwa vimbunga kama Ike cha mwaka 2008, kilichokuwa cha Daraja la 2 lakini kikaleta maji mengi Texas, vilikuwa vikilikanusha jedwali waziwazi. Naona uamuzi huo ulikuwa sahihi, ila umewaachia wasomaji mzigo wa kuufuatilia mgandamizo wenyewe.

Hatua ya 8: Ukifuatilia vimbunga vya Bahari ya Hindi, badilisha wastani

Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, Komoro na Msumbiji hupata taarifa zinazotokana na kituo cha Météo-France kilichoko La Réunion, ambacho ndicho chenye jukumu la kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi. Kituo hicho hutumia wastani wa dakika 10, na madaraja yake ni mengine: kimbunga cha kitropiki huanzia noti 64, kimbunga kikali huanzia noti 90, na kikali sana ni kile kinachozidi noti 115. Wastani wa dakika 10 siku zote huwa mdogo kuliko wa dakika moja, kwa hiyo gawanya kwa 0.93 kabla ya kutumia jedwali la Marekani au fomula ya hatua ya 4. Machapisho ya zamani hutumia 0.88.

Chukua Kenneth, kilichopita karibu na kisiwa cha Ngazidja, Komoro, na kuingia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, tarehe 25 Aprili 2019. Kilele chake kilikuwa noti 115 kwa wastani wa dakika 10, pamoja na hektopaskali 934. Kwa dakika moja hizo ni takriban noti 124, yaani kilomita 229 kwa saa, Daraja la 4. Fomula, kwa hektopaskali 934, hutoa noti 109 tu. Upepo umezidi mstari kwa noti 15, na sababu zinajulikana: kilikuwa kidogo kwa umbo, na kilikuwa takriban nyuzi 11 tu kusini mwa ikweta.

Hatua ya 9: Fuatilia mwelekeo na uandike makadirio kama masafa

Kipimo kimoja ni picha ya saa moja. Andika mgandamizo na upepo wa kila taarifa, kwa kawaida kila baada ya saa 6, katika safu mbili. Ongezeko la noti 30 ndani ya saa 24 huitwa ukuaji wa haraka, na ndilo linalowashinda watabiri mara nyingi zaidi. Wilma, mwezi Oktoba 2005, kilipanda kutoka kiwango cha dhoruba hadi Daraja la 5 katika muda wa takriban saa 24 tu, kisha kikafika hektopaskali 882, ambazo bado ndizo za chini kabisa kupimwa katika Atlantiki. Mgandamizo ukishuka huku upepo uliotangazwa ukibaki palepale, usidhani kwamba hakuna jambo. Mara nyingi upepo hufuata baada ya saa kadhaa, au ndege bado haijapita mahali penye upepo mkali.

Katika safu ya mwisho usiandike namba moja. Vituo vyenyewe hutangaza upepo kwa hatua za noti 5 kwa sababu havidai usahihi zaidi ya huo, na mtu aliye nyumbani na barometa na kikokotoo anapaswa kuridhika na masafa ya noti 15 au 20, kwa mfano “noti 105 hadi 120, umbo pana, mgandamizo unapanda”, kisha aurekebishe mstari huo taarifa inayofuata itakapotoka.